Namba Iliyozunguka Kinyume

Binti wa mdogo wangu anasuka mota. Mota ikiungua, yeye huzitoa nyaya zilizokuwa nyeusi, akasuka mpya, na vidole vyake hunukia vanishi hata akiwa mezani. Karakana nzima inamwita Koili, kwa ile misokoto ya nyaya. Mimi, ambaye miguu yangu haijui kutulia kwa ndugu mmoja, wakati ule nilikuwa kwake, na kazi yangu ilikuwa kunywa chai na kuuliza maswali.

Koili alikuwa anasoma umeme darasa la jioni. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi atengeneze lahajedwali kwenye kompyuta: unaingiza namba changamano yoyote, lenyewe linatoa kipeuo chake cha pili. Koili alikwisha kushindwa mara mbili. Jioni ya siku ninayosimulia, akishindwa tena, anatolewa darasani.

"Changamano ndiyo mdudu gani?" nikamuuliza.

"Namba yenye vipande viwili, Baba Mkubwa. Kimoja cha kawaida, kingine kina i. Natafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, unaipata hiyo."

Mapumziko ya mchana, nami nimemfuata karakanani na chai yangu, akaweka kompyuta kwenye meza ya kusukia. Akaingiza tatu kujumlisha nne i. Jibu, mbili kujumlisha i. Akaingiza tatu kutoa nne i. Jibu lilelile!

Fundi mwenzake akachungulia, mdomo umejaa mkate. "Hao mapacha! Funga duka, dada, nyaya zinakungoja."

"Maji nimeyavulia nguo, kaka. Nitayaoga."

Sasa, pale kwao mota haitoki bila kuzungushwa mezani kwanza. Basi akalizungusha na jibu: akalizidisha kwa lenyewe. Ikarudi tatu kujumlisha nne i, si kutoa. Akakodoa macho. Hata mimi nikaacha kukoroga chai.

"Inazunguka kinyume!" akaruka.

"Mota gani?"

"Namba, Baba Mkubwa! Nguvu ileile, mwelekeo umegeuka, kama mota iliyopishanishwa nyaya mbili. Fomula yangu inaanza kwa kuzidisha kila kipande kwa chenyewe. Hasi mara hasi, hasi imekufa. Nimeiua mwenyewe mlangoni!"

Akaandika sharti: kipande cha i kikiingia na hasi, na kinachotoka kiwe na hasi. Jibu likawa mbili kutoa i. Akaongeza safu ya pembeni ya kulizidisha kwa lenyewe. Ikarudi tatu kutoa nne i, barabara. Hakushangilia. Aliingiza namba nyingine, na nyingine, mpaka chai yangu ikapoa na yake ikaingia nzi.

Jioni darasani mwalimu akachagua namba yake mwenyewe, yenye hasi kwenye i. Jibu likatoka. Akanyoosha mkono kufunga kompyuta.

"Ngoja, mwalimu," Koili akasema. "Halijazungushwa."

Akamwonyesha safu ya pembeni. Namba ya mwalimu ilikuwa imerudi, na hasi yake.

"Kaa," mwalimu akasema.

Akakaa.