Hati Niliyoifunga kwa Plastiki

Waliosema sitaweza, mwanangu, bado nazikumbuka sura zao. Baba yangu mdogo, hapahapa Kasulu, alisema stashahada yangu ya uhasibu itakwenda kuosha vyombo vya Wamarekani, na kwamba nitarudi na begi lilelile nililoondoka nalo. Leo akipita mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi, ananisalimia yeye kwanza.

Lakini nakumbuka siku moja ambayo hata yeye hakuitabiri.

Nilikuwa kijana, nikiishi Houston na kumtunza mzee mmoja wa Kizungu huko Sugar Land. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Alipofariki, mjane wake akaanza kuuza vitu vya nyumba, na kwenye fremu iliyopasuka nikaona hati ya ardhi ya zamani sana, ya enzi zile Texas ilipokuwa pori la mpakani. Muuzaji wa shamba alikuwa mmoja wa viongozi wa mapinduzi yaliyoitenga Texas na Meksiko. Shahidi alikuwa kiongozi mwingine wa mapinduzi hayohayo, na inasemekana wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Hapo saini zao zilikaa jirani, wino umegeuka kahawia.

Mtu mwingine angepita. Mimi niliyesoma nilijua ninachokitazama. Nikampigia simu mfanyabiashara wa nyaraka za kale kule Dallas. Alikohoa kwanza, kisha akataja bei ya kunijengea nyumba.

"Ilete kama ilivyo," akasema.

Mjane sikumficha. Alisema hana nguvu za kwenda Dallas. Nimpe nusu ya bei hiyo, inayobaki iwe yangu. Nusu hiyo sikuwa nayo, nikakopa. Mzee Bahati, Mrundi aliyewahi kuwa katekista, aliyeishi DeSoto karibu na Dallas, alinitumia akiba yake. Wengine wakachangia kidogo kidogo. Wa mwisho alikuwa jirani yangu Mama Furaha, Mkongo aliyetandika vitanda hotelini.

"Ndugu, hizi feza ni za tikiti," aliniambia. "Mama yangu anazeeka kule kambi ya wakimbizi. Utazirudisha mbele ya Noeli?"

"Mama Furaha, mimi ni mhasibu."

"Basi hesabu vizuri, mhasibu."

Kukopa harusi, walisema wahenga, na wiki ile mimi nilikuwa bwana harusi.

Siku moja kabla ya safari, mvua ikanyesha Houston mpaka barabara zikawa mito. Sisi watu wa Kigoma, na wenzetu waliokaa kambini, tunajua mvua inavyoiharibu karatasi. Cheti cha ubatizo, cheti cha shule, chochote cha thamani hupelekwa lamineshi, kikabanwa katikati ya plastiki kwa mashine ya moto. Stashahada yangu ilisafiri hivyo hadi Texas bila doa. Basi nikaipitisha hati kwenye mashine kwa mikono yangu mwenyewe. Ikatoka inang'aa, ina joto kama chapati.

Yule bwana wa Dallas aliiinua kwenye mwanga.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Ili isiharibike."

Akailaza mezani polepole, kama anayelaza mtoto. Alinieleza kwamba gundi ya plastiki imeingia ndani ya karatasi, na anayenunua kitu kama hiki anataka karatasi waliyoishika wale watu wawili. Bei aliyonitajia safari hii isingetosha mafuta ya gari ya kunirudisha Houston.

Nikapitia DeSoto. Mzee Bahati aliitazama hati, akanitazama mimi.

"Kijana, bei uliuliza?"

"Niliuliza, mzee."

"Na namna ya kuitunza, ulimuuliza nani?"

Nikaigeuza hati upande wa nyuma. "Kusoma unajua," akasema. "Kuuliza bado." Akaniletea chakula, na hakulitaja tena jambo lile maisha yake yote.

Wengine walilitaja. Kwenye sherehe mtu alinisogezea sahani: "Bwana Lamineshi, hebu nilaminishie pilau hii isipoe." Waliocheka zaidi ni wale ambao hawakunikopesha hata senti.

Mchana niliogesha wagonjwa, usiku nikapakia maboksi ghalani. Noeli ikapita, ikaja nyingine, ikapita nayo. Mama Furaha hakunidai hata mara moja. Nikadhani ni subira.

Siku ya kumlipa yeye, wa mwisho kati ya wote, nilivaa suti. Akahesabu noti, akazifunga kitambaani.

"Zimetimia, mhasibu."

"Sasa utasafiri, Mama Furaha."

"Nikamuone nani?"

Mama yake alikuwa amezikwa miezi mingi iliyopita. Hakuniambia, asije akaonekana ananidai.

Mwanangu, hakuna mtu Texas anayenidai pesa, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Hati iko ukutani dukani kwangu, kando ya stashahada, zote mbili zinang'aa. Kabla hujakilinda kitu cha thamani, muulize anayekijua kinaogopa nini. Na ukikopeshwa, uliza kwanza pesa hiyo ilikuwa inamngojea nani, maana pesa hurudishwa, siku hazirudi. Mungu akujalie mali, na akujalie mtu wa kukushika mkono kabla hujaipitisha kwenye moto.