Asali ya Radiani Ishirini na Tano

Nilimwona mtu akimtazama baba yangu anakula vibuu, na mtu huyo akatabasamu.

Ndiye aliyekuwa anioe.

Tulieni niwape yote, maana mpaka leo asali siigusi.

Naitwa Kanyshai. Nafundisha fizikia sekondari, huku kwetu Toktogul. Baba ni mfuga nyuki, na asali yake anairingia kuliko anavyoniringia mimi.

Pipa lake la kukamulia lilikuwa la kuzungusha kwa mkono. Unapanga masega ndani, unazungusha, asali inaruka ukutani inachuruzika chini. Sasa kuna masega yana asali pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki, vibuu vyeupe laini. Ukizungusha kwa kiasi, asali inatoka na vibuu vinabaki. Ukizidisha, vinatoka vyote.

Mchumba wangu Tilek, injinia wa mji wetu mkuu, Bishkek, akamletea Baba mota ya kuzungusha hilo pipa. Baba alivaa kofia yake ya sikukuu ndipo akaingia bandani kuitazama.

Ikafika siku ya kuvishwa hereni. Kwetu mama wa mwanaume akishakutia hereni masikioni, umeposwa, basi. Baba akataka wageni wetu waonje asali ya asubuhi hiyo hiyo.

Nilikuwa uani nakaanga maandazi, nikawasikia Baba na Tilek, aliyemtangulia mama yake, wako bandani.

"Usizidishe mizunguko mia na hamsini kwa dakika," Baba akasema. "Masega haya yana watoto."

"Mashine hii haihesabu kwa dakika, Baba. Inahesabu radiani kwa sekunde."

"Ndiyo mdudu gani?"

"Kipimo cha kisomi hicho. Mzunguko mmoja ni radiani sita na ushee. Mia na hamsini gawa kwa sita, ishirini na tano. Imeisha hiyo."

"Haya, wewe ndiye unayejua, mwanangu. Mimi naenda kunyoa ndevu."

Mota ikanguruma. Mafuta yangu yalikuwa yanataka kuungua, sikuyatia maneno yale akilini.

Mchana Mama Burulcha, mama yake Tilek, akafika na hereni zake ndani ya leso. Mama mpole, hana makuu. Tukakaa kuzunguka kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni.

Kwetu chakula hakikataliwi. Hata uwe umeshiba mpaka shingoni, unamega mkate, unaonja, ndipo uende zako.

Bakuli la asali alilileta Tilek mwenyewe. Juu lilikuwa na utando mweupe.

"Povu tu hilo," akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Baba akachovya mkate, akala. Akasita kidogo, kisha akameza. Mwenye nyumba atatemaje asali yake mbele ya wageni?

"Mwaka huu ina ladha ya maziwa," akasema.

Tilek akatabasamu. "Ndiyo kazi ya mota, Baba."

Mama Burulcha naye akanyoosha mkono na kipande chake. Tilek akamdaka kiganja.

"Mama, acha. Wewe una sukari."

"Nina sukari? Tangu lini?"

"Si daktari alisema upunguze vitu vitamu?"

"Daktari gani tena? Mimi na daktari tulionana siku nilipokuzaa wewe."

Baba akacheka. Mimi sikucheka. Niliangalia mkate wa Tilek, haukuwa na hata tone la asali. Hapo ndipo yale maneno ya asubuhi yakanirudia. Gawa kwa sita.

Nikanyanyuka, nikaenda bandani.

Namba ilikuwa bado inawaka pale kwenye mashine, ishirini na tano. Msomi wetu alikumbuka radiani akasahau kwamba dakika ina sekunde sitini. Unagawa kwa tisa na nusu, si kwa sita. Ilitakiwa iwe kumi na tano na ushee. Yeye aliendesha karibu mizunguko mia mbili na arobaini kwa dakika.

Mwanafunzi wangu akikosea hivyo namwambia arudie, yanaisha.

Lakini nyuma ya pipa kulikuwa na ndoo imegeuzwa mdomo chini. Nikaifunua, nikakuta kitambaa cha kuchujia kimefungwa fundo. Nikafungua.

Majana yaliyopasuka. Vichwa, vingozi, uji mweupe unaovutika kama ute. Machache yalikuwa bado yanajikunja. Nilitapika pale pale.

Tilek aliyaona, jamani. Akachuja, akafunga fundo, akaficha, akanawa mikono, akaja kutupakulia.

Nikarudi ndani, nikaweka kile kitambaa mbele yake.

"Ni kosa dogo la hesabu," akasema. "Sikutaka kumwaibisha Baba siku kama ya leo."

"Hesabu nimekusamehe. Mama yako ana sukari?"

Akashika kola ya shati lake.

Baba akauweka mkate chini taratibu, akainamisha uso. Aliona haya yeye, na aliyestahili haya amekaa wima anarekebisha kola. Hilo lilinitia kinyaa kuliko vibuu.

Mama Burulcha akachovya mkate wake kwenye lile bakuli. Akala huku akimkazia macho mwanawe, akameza kwa shida.

"Mzazi mwenzangu amekula, na mimi nakula," akasema. Kisha akanigeukia, akafungua leso. "Hizi alinivisha mama mkwe wangu. Sema mwenyewe, mwanangu."

Nikavuta mtandio wangu chini, nikaziba masikio yote mawili.

Akaitikia kwa kichwa, akaifunga leso yake.

Mlangoni Tilek akaniuliza, "Yaani unaniacha kwa sababu ya wadudu?"

Yeye sikumjibu. Nawaambia nyinyi. Ukitaka kumjua mtu, usiangalie anachokupakulia wewe, angalia anachomkataza mama yake.

Radiani zinaweza kumshinda yeyote. Ila hesabu ya nani ale uchafu na nani asile, Tilek aliipiga kichwani papo hapo, na hiyo hakuikosea.