Uso wa Akiru Ulipovimba

Nakumbuka asubuhi moja kule Kakuma, mwanangu, niliyoianza nikiwa mjinga na kuimaliza nikitetemeka. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe sasa. Akiru, mke wangu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane, nami nilikuwa nakamata mbuzi niwapeleke mnadani Lodwar.

Akaniambia kichwa kinamgonga tangu jana, na mbele ya macho kunametameta. Nikamtazama. Uso ulikuwa umejaa, bangili imezama mkononi. Nikacheka.

"Mimba si ugonjwa," nikamwambia. "Mama yangu alizaa saba, akichota maji mpaka siku ya mwisho."

Na kliniki ya mwezi ule hakuwa ameenda. Ni mimi niliyesema angoje nirudi kwanza.

Mwenyezi Mungu akamleta Mama Nyandeng, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeuza samaki wakavu kambini na kupita kwetu mara kwa mara. Alimsalimu Akiru, "Ejok?" Akiru akajishika paji la uso. Yule mama akatua kapu, akabonyeza muundi wa Akiru kwa kidole gumba. Alipokiondoa kidole, shimo lilibaki.

"Wewe," akanigeukia, "mbuzi ikiugua unajua. Mke hujui? Mimi nilizika dada yangu na kichwa hii hii. Peleka yeye sasa!"

Mwanangu, kukemewa mbele ya mkeo kunauma. Nusura nimjibu. Lakini nililitazama lile shimo mguuni, nikawaachia mbuzi, nikampeleka Akiru.

Zahanatini muuguzi alipima presha, akapima tena. "Iko juu sana," akasema bila kuniangalia. "Tunamdunga sindano, halafu anaenda Lodwar sasa hivi."

Gari la zahanati likaondoka, muuguzi akiwa nasi. Njiani tukaikuta laga, mto ulio mkavu karibu mwaka mzima, imejaa. Kwetu hakukuwa na hata tone, lakini mvua ilikuwa imepiga milimani, na maji mekundu yalipita yakiburuta miti. Dereva akazima injini. Tukangoja. Akiru alilaza kichwa pajani pangu, akaniuliza, "Mbona kumekuwa giza?"

Jua lilikuwa utosini.

Nikamwambia ni wingu. Nilidanganya. Muuguzi alimshika mkono asimwachie. Maji yaliposhuka hadi magotini, wanaume tuliokuwa pale tukatangulia tukipima mchanga kwa miguu, gari likitufuata polepole.

Lodwar alipasuliwa. Mtoto alitoka mdogo, na sauti nyembamba, lakini alilia. Akiru naye alipona. Ila siku mbili hakuona kitu. Bintiye alimjua kwa vidole, akimpapasa pua na masikio. Siku ya tatu akaniambia shuka yangu ni chafu. Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Sasa mkeo yuko katika miezi hiyo. Atachoka, mgongo utamuuma, ataamka mara nyingi kwenda haja ndogo, tumbo litakaza na kuachia. Hayo ni mazito, lakini ni ya kawaida. Mbebee maji, mvumilie. Lakini kichwa kisichotulia, macho yenye ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, damu, degedege, maji kumwagika kabla ya wakati, au mtoto kunyamaza tumboni, hapo usingoje kesho, wala usianze kumsimulia mama yako alivyozaa. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kliniki asikose hata akijisikia mzima, kwa kuwa presha haipigi hodi. Gari litafute mapema, na ndugu wa kutoa damu umjue. Na kama kuna laga kati yenu na hospitali, sogeeni mjini wiki za mwisho. Mtu akikukaripia kwa ajili ya mkeo, hata awe mgeni, meza kiburi chako uende.

Akuj, Mungu wetu, awatangulie, mwanangu. Awape mama mzima na mtoto mzima, na vibuyu vya nyumba yenu visikaukiwe maziwa.