Hedifoni za Mjuaji

Ofisi nzima ilimwita Mjuaji, na mwenyewe alilipokea jina hilo kama sifa. Ukimuuliza saa, alikueleza na jinsi saa inavyotengenezwa. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa maji: bomba limekauka, bomba limepasuka, mita inazunguka na maji hakuna. Walikuwa watu ishirini na wawili katika ukumbi mmoja, kila mtu na hedifoni kichwani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Hedifoni zenyewe zilikuwa zimechoka. Ngozi ya sponji ilibanduka vipande vyeusi vikawaganda watu mashavuni, wakatoka kazini kama waliokuwa wakisugua masufuria.

Mjuaji alilalamika. Alilalamika kikaoni, akalalamika kwenye ngazi, akalalamika kwenye foleni ya chai, mpaka meneja, mama asiyependa maneno mengi, akamwambia haya, basi kazi ni yako. Alimpa hedifoni za aina tatu za kujaribia, na karatasi yenye mistari ishirini na miwili. Kila mfanyakazi avae kila aina siku nzima, aandike maoni yake, atie saini. Mwezi mmoja na nusu ulitosha kabisa.

Hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Alianza kuzijaribu yeye. Aina ya kwanza ilimwasha. Ya pili ilikuwa nyepesi, ila ikimteleza kila anapoinama. Lakini ya tatu, we acha tu! Sponji nene, ngozi laini, inafunika sikio lote na kelele za ukumbi zinabaki huko nje. Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa mjamzito, kwamba sponji ile ni laini kuliko mto wao wa kitandani. Mkewe akamwambia basi ailete, aiweke mgongoni panapomuuma. Mjuaji hakucheka. Alikuwa anawaza masikio.

Ile ya tatu haikushuka tena kichwani mwake. Leo angewapa wenzake, kesho angewapa, na kesho haifiki. Baadhi yao aliwapitishia mezani waibonyeze kwa kidole, akawauliza ni laini au si laini. Ni laini, walisema; nani angebisha? Siku ya mwisho karatasi ilikuwa na saini tisa. Mjuaji akajifungia chumba cha mafaili, akabadilisha kalamu, akaulaza mwandiko mara huku mara kule, akaijaza mistari kumi na mitatu iliyobaki. Moyo haukumsuta hata kidogo. Alijiambia anawapunguzia wenzake usumbufu. Kwenye mstari wa Shangazi aliandika: “Inanifaa sana, sina tatizo.”

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa tu mkubwa kuliko wote, amebakiza miezi tisa astaafu, na kila mgeni alijifunza kazi akiwa ameketi kando ya kiti chake, Mjuaji akiwamo. Mteja aliyepiga simu anatukana, akiangukia kwa Shangazi, alimaliza kwa kumwombea dua. Mama huyu alivaa miwani mizito yenye mikono minene, na bila miwani hiyo hakuona hata jina la mteja kwenye kompyuta.

Hedifoni mpya, za aina ile ya tatu, zikaja. Wiki ya kwanza Mjuaji alipita katikati ya meza kama bwana harusi, huyu anamshika mkono, yule anampiga bega. Tatizo ni kwamba hedifoni zile zilibana. Kwa kichwa kitupu, kama cha Mjuaji, kubanwa huko kulikuwa raha tupu. Kwa mwenye miwani, mkono wa miwani uligandamizwa kati ya sponji na mfupa, saa nane kutwa. Wiki ya tatu Shangazi alikuwa na kidonda nyuma ya sikio. Akatia pamba, akatia leso, mwishowe akawa anainua upande mmoja na kuwaomba wateja warudie walichosema. Simu zake zikarefuka. Kila Ijumaa orodha ya utendaji ilibandikwa ukutani, na Shangazi, aliyezoea kuwa juu, akashuka hadi mkiani. Mjuaji aliiona ile pamba. Akajitia hamnazo.

Siku moja meneja alimwita ofisini kumpongeza.

“Karatasi yako imenisaidia,” alimwambia. “Shangazi anasingizia hedifoni. Nimemwonyesha alichoandika kwa mkono wake mwenyewe, akanyamaza.”

Uamuzi ulikuwa umeshapita: mwisho wa mwezi, yaani baada ya wiki mbili na ushee, Shangazi ataondolewa kwenye simu, akamalizie miezi yake chumba cha mafaili. Mjuaji alisema asante. Asante! Mdomo wote ule, na hilo ndilo neno pekee lililopatikana humo. Alitoka masikio yakimwaka moto, akarudi kuketi, na kwa mara ya kwanza hakuweza kumtazama yule mama aliyemfundisha kazi.

Sasa mtu mwenye aibu hupita kila njia isipokuwa ile iliyonyooka. Mjuaji aliazima miwani ya jirani, na kila akitoka kazini akazunguka madukani nayo usoni, kutafuta sponji isiyombana mwenye miwani. Maduka manne alizunguka, vaa, vua, vaa tena, wauzaji wakamchoka. Mwisho akaangukia kwa fundi wa redio mwenye kibanda chembamba. Fundi akamwangalia anavyojigonga kwenye meza kwa miwani isiyo yake, akamuuliza kwani anamtafutia nani. Mtu wa kazini, Mjuaji akajibu.

“Basi mlete mwenyewe,” fundi akasema. “Sikio la mtu halipimwi kwa kichwa cha mwingine.”

Mjuaji alijiona kama amevuliwa nguo hadharani. Angemletaje, wakati safari yote hii ilikuwa ya kukwepa kumwambia? Akanunua sponji za kitambaa cha mahameli zenye kimfereji cha kupitisha mkono wa miwani, akaondoka bila hata kuaga vizuri.

Alhamisi, siku moja kabla ya Shangazi kuhama, aliwahi kazini akazifunga kwenye hedifoni ya Shangazi, akampa alipofika. Shangazi alipovaa, alifumba macho. Kisha akawaita watu.

“Jamani, humu ndani kote huyu ndiye aliyeniona naumia. Mungu akupe mtoto mwema, mwanangu.”

Ukumbi ukapiga makofi. Mjuaji aliona haya. Alikwenda chooni, akasimama mbele ya kioo, akashindwa kuinua uso. Kama angelaumiwa, angejitetea, maana kujitetea alikuwa hodari. Kushukuriwa hakukuwa na jibu. Sponji zile zilimtuliza Shangazi sikio, lakini kuhama kulikuwa palepale, na kilichomhamisha kilikuwa ile karatasi.

Kesho yake alikwenda kwa meneja, akaomba Shangazi naye aitwe, kwa sababu alijua akilisema mara moja hataweza kulirudia.

“Ile saini si yake,” alisema. “Niliitia mimi. Na maneno ni yangu. Na za wenzetu wengine kumi na wawili.”

Meneja akamgeukia Shangazi, si Mjuaji, akamuuliza kwa nini siku alipoonyeshwa karatasi hakusema kwamba saini si yake.

“Ningesema, ungemfukuza palepale,” Shangazi alijibu, “na mkewe karibu anajifungua. Nikaona nimwachie. Nikasema atakuja mwenyewe.”

Meneja alikata shauri hapo hapo. Shangazi abaki kwenye kiti chake. Mjuaji apewe barua ya onyo, naye ndiye aende chumba cha mafaili, na hedifoni zipimwe upya, kichwa kwa kichwa, na mtu mwingine. Mjuaji alisema sawa. Kwa barua, kwa mafaili, kwa kicheko cha ofisi kitakachofuata, kwa yote hayo alishajiandaa, na hayakumuuma sana.

Ila walipotoka, Shangazi alisimama kidogo mlangoni, akivuta miwani yake ikae vizuri. Hakuwa na hasira. Mjuaji alitamani awe nayo.

“Wajua,” alimwambia, “asubuhi ukinipa shikamoo, nilikuwa nachelewa kuitikia makusudi. Nilidhani una neno jingine unataka kusema.”

Kisha akaenda zake kupokea simu. Mjuaji akabaki kwenye ujia, anazikumbuka asubuhi zile moja moja, tangu siku ya uamuzi. Zilikuwa kumi na tatu. Kila siku alimwamkia, na kila siku aliondoka kabla hajaisikia marahaba.