Kuku wa Mtinko Hawakamatwi Mchana

Nilikwenda kijijini Mtinko kwa sababu matenga yangu ya kuku yalikuwa yakirudi nusu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya biashara huria, ambapo pale Singida mjini hata fundi saa alikuwa na mzigo wa kupeleka Dar es Salaam. Mteja wangu wa huko, mwenye hoteli, alikuwa amenitumia ujumbe kwa dereva wa lori: safari hii mzigo ukipungua tena, atachukua kwa watu wa Dodoma. Hoteli ile ndiyo iliyokuwa biashara yangu yote. Mama yangu, mtu wa Tanga, alinishauri nitume mtu kama kawaida. Nikakataa. Nilitaka kumwona kwa macho yangu huyo anayenihujumu.

Alfajiri tuliondoka na Land Rover ya kukodi. Lori la Dar lingeondoka mjini baada ya magharibi, kwa hiyo nilimwambia dereva wangu, Salumu, kwamba alasiri ikitukuta bado Mtinko tumekwisha. Salumu huendesha gari kana kwamba anakwenda kusalimia wakwe. Tuliliacha ziwa Singidani nyuma yetu, tukaingia kwenye mawe makubwa na mashamba ya alizeti, na muda wote mimi nilikuwa nikikanyaga mafuta upande wangu, ambako hakuna kitu cha kukanyaga.

Njiani pikapu mbili zenye matenga matupu zilitupita.

"Wote tunamfuata kuku mmoja, dada Zuhura," Salumu alisema.

Sikucheka.

Mtinko tulifika jua halijakolea. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Elisi, mama wa Kinyaturu ambaye watu wangu walikuwa wakinunua kwake tangu nianze biashara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

"Sikai, mama. Nina haraka."

"Ninyi wote mna haraka," alisema, bila ubaya wowote.

Uani kulikuwa na majogoo wawili juu ya ua wa miiba, basi. Hakuna kifaranga hata wa dawa. Mama Elisi alimwambia binti yake maneno machache kwa Kinyaturu. Binti akaingia ndani ya tembe, nyumba yao ya paa la udongo, akatoka na kuku mnene mikononi, ametulia tu. Nikampenda palepale. Nilipompokea nikasikia tumbo lake lina joto, na manyoya ya chini yamenyonyoka.

"Mama, huyu si analalia mayai?"

"Analalia."

"Sasa mbona unaniuzia?"

"Ndiye anayekamatika," alinijibu. "Wengine mchana huu wako vichakani, utawakimbiza mpaka ukonde. Kuku anakamatwa jioni, akiingia mwenyewe kulala. Watu wako wanafika asubuhi, hawajakaa wanataka kuondoka. Tuwape yupi? Tunawapa aliyekaa."

Niliingia ndani. Mayai yalikuwa ndani ya chungu kilichovunjika, yamefunikwa kitambaa. Nikachukua moja, nikaliweka sikioni. Kifaranga alikuwa akilia humo ndani.

Nilishikwa na hasira, na nilikosa wa kumkasirikia. Mama Elisi alinionyesha kwa kidole nyumba ya jirani yake, mjane, ambaye kuku wake waliisha kwa ugonjwa wa mdondo. Kwao, aliyepatwa hivyo huazimwa mtetea wa kuanzia, na mtetea akishaangua, aliyeazimwa hurudisha vifaranga. Mwaka ule hapakuwa na wa kumwazima.

"Sabuni yetu na daftari za watoto zinatoka kwa hawa kuku," alisema. "Wakiisha kwetu, na wewe huko mjini utauza nini?"

Salumu alipiga honi. Nilimrudisha yule kuku juu ya mayai yake, nikamwambia Salumu azime gari, tunangoja jioni.

"Lori halitatungoja."

"Najua."

Mchana ule ulinitesa. Nilikula ugali wa uwele na mlenda nikiwa nimesimama. Nilikwenda mpaka barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Pikapu za wenzangu zilipita zikirudi mjini, na ndani ya matenga niliona kuku waliotulia mno. Mama Elisi alituma habari kwa wanawake wenzake: jioni walete majogoo na kuku wakongwe walioacha kutaga, basi.

Jua lilipoanza kuzama, kuku wakatoka vichakani wakaingia ndani ya tembe mmoja mmoja, bila kuitwa. Binti akafunga mlango, akawa anawachukua taratibu na kunipa. Majirani nao walileta wao. Niliswali magharibi hapo uani, matenga yakiwa yamejaa kiasi cha kutosha, nikijua lori linawasha injini bila mimi.

Mjini tulikuta doa la oili mahali lori lilipokuwa limeegeshwa. Nililia, wala sikujificha. Kuku niliwauza stendi kwa abiria wa mabasi, na yule mwenye hoteli akahamia kwa wauzaji wa Dodoma, hajarudi mpaka leo.

Nilikuwa nimetoka nyumbani kumtafuta mwizi. Nilichokuta ni kwamba sisi wanunuzi, kwa haraka yetu, tulikuwa tukila kuku wa mwaka unaofuata na kuwaacha wanaotufugia mikono mitupu. Tangu siku hiyo nanunua jioni, anayelalia simgusi, na wateja wangu wapya wanajua kwamba siku ya mzigo inapangwa Mtinko.

Mvua zilipokwisha nilirudi kwa Mama Elisi, safari hii mchana, na mkeka wangu. Uani nilitafuta pa kukanyaga kwa wingi wa vifaranga, na kwa mjane nilisikia mtetea akiita vifaranga wake. Salumu, ambaye hafunzwi na kitu, alimkimbiza jogoo kuzunguka tembe mpaka kandambili zikamtoka.

"Kaa, mwanangu," Mama Elisi aliniambia.

Nikatandika mkeka, nikakaa.