Kizuka Kwenye Foleni ya Ruzuku

Watu wa kijiji cha Qolweni walimwita MaMpinga, kwa jina la ukoo wa baba yake, kama wanavyoitwa wanawake wote wenye heshima zao katika vilima vile. Jina la kwenye kitambulisho, Nolusapho Gqirana, walilitumia makarani tu. Ujana wake wote aliuza dukani kwa watu. Alipofiwa na mume akasomea msaada wa sheria, akapewa meza katika chumba cha nyuma ya kanisa, na kuanzia hapo kazi yake ikawa kuwasaidia maskini wapate kile ambacho serikali imekwisha kutamka kuwa ni chao: pensheni za wazee, fedha za wagonjwa, ruzuku za watoto.

Hakupokea kitu kwa mtu. Kuku aliyeletwa kwa shukrani alirudi na mwenyewe, akipiga kelele kwapani njia nzima. Watu walimcheka, wakasema MaMpinga hata Mungu akimpa mvua ataomba risiti. Wala hakukubali kuandika uongo, hata ule mdogo ambao kila mtu huuona hauna madhara. Aliamini kwamba maskini mmoja akikamatwa na uongo, maskini wote wa kijiji watahojiwa kama wezi, na wa kwanza kuumia atakuwa yule aliyesema kweli.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja alifariki Mzwandile Radebe, aliyekuwa amerudi kutoka migodini na kifua kibovu. Mkewe Vuyelwa alikuwa akifanya kazi za ndani mjini, na mume ndiye aliyebaki nyumbani na watoto wao watatu, kwa hiyo ruzuku ya watoto iliandikwa kwa jina lake. Alipozikwa, ruzuku ilikatika. Naye Vuyelwa akaacha kazi, akakaa eda kwa wakwe kama inavyompasa kizuka wa huko: mwaka mzima katika nguo nyeusi, shali imefunika uso hadi kidevuni, asipite kati ya watu, asikutwe nje jua likizama.

Habari zile zilimfikia MaMpinga kwa kinywa cha Nozuko, dada wa marehemu. Nozuko alikuja na mpango wake umekamilika. Yeye hakuwa katika eda iliyomfunga mlangoni, angeweza kwenda mjini hata kesho. Aandikwe yeye kuwa ndiye mlezi wa watoto, fedha zitoke kwa jina lake, na mambo yaishe.

"Nani anawaogesha?" MaMpinga akamuuliza.

"Mama yao. Lakini si tunakaa boma moja?"

"Basi nitaandika kwamba mama yao ndiye anayewaogesha."

"MaMpinga, ukweli wako huo hautawapikia watoto uji."

"Wala wewe, dada, hutapikiwa uji kwa majina ya watoto wa wenzio."

Nozuko akasonya, akaondoka bila kuaga.

Jambo lilikuwa halingoji. Ruzuku ile huhesabiwa tangu siku mtu alipoomba, wala haitazami nyuma. Kungoja eda iishe kulikuwa ni kuitupa haki ya watoto ya mwaka mzima, na watoto wenyewe walikwisha kushuka kutoka milo miwili ya mahindi ya kupondwa hadi mlo mmoja. MaMpinga akaenda kwa Sindile, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika boma lile. Alimkuta zizini. Mwanamke haingii zizini kwa watu, akasimama mbali na lango, akaamkia, akaeleza haja yake.

"Kizuka anayekimbilia mjini kabla ya siku zake anatafuta nini huko?" Sindile aliuliza, bila kugeuka. "Mume mwingine?"

MaMpinga hakumjibu kwa sheria. Yeye mwenyewe alimvalia mumewe nguo nyeusi mwaka mzima, na alijua mahali sheria inapofika na mahali isipofika. Alisema atatangulia yeye, kizuka atamfuata nyuma. Hatasemezana na mtu. Watarudi jua likiwa juu. Kisha akaongeza, kwa kuwa alimwona mzee bado anasita:

"Na uso wake hautaonekana na mtu, Radebe. Nakupa neno langu."

Sindile akageuka. Kijiji kizima kilijua neno la MaMpinga lina uzito gani. Akasema waende.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lilikuwa lake peke yake. Alijua ofisi ya ruzuku huchukua alama za vidole. Hakujua kwamba safari hii ilikuwa imeletewa kamera ya kutambua uso, na hakuuliza. Mtu anayetoa ahadi juu ya jambo asilolichunguza amekwisha kuivunja nusu, hata kama nia yake ni njema.

Siku yenyewe benchi la foleni lilikuwa limejaa. Vuyelwa alipoketi pembeni, watu, wakiogopa mkosi wa kizuka, wakasogea, wakasogea tena, hata akabaki na nafasi ya watu watatu. Mwanamke mmoja aliyesimama na mzigo akaambiwa akakae pale penye nafasi.

"Kaa wewe," akajibu. "Mimi mume wangu bado nina kazi naye."

Watu wakacheka chini chini. Vuyelwa hakuinua kichwa.

Zamu yao ilipofika, karani akasema shali iondolewe usoni, mashine haitambui nguo. MaMpinga akaeleza habari ya eda. Karani hakuwa mtu mbaya, alikwenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa wake akasema hivyo hivyo: bila uso hakuna ombi. Chumba hakikuwa na pazia wala mlango wa pili. MaMpinga akamwinamia Vuyelwa, akamwambia warudi nyumbani, atakwenda tena kwa Sindile kuomba ruhusa upya.

Vuyelwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa sauti, akasema, "Jana mwanangu mdogo nimemkuta analamba sufuria ya jirani."

Akaiondoa shali usoni yeye mwenyewe. Benchini wengine waliinamisha macho. Wengine hawakuinamisha.

Walipokuwa wakipanda kilima kurudi, Vuyelwa alimwomba asimwambie shemeji yake. Watu wa foleni ni wa vijiji vya mbali, alisema, hakuna aliyemjua.

"Nilimpa neno," MaMpinga akasema. "Nikilificha hili, akija mjane mwingine nitamwombea kwa neno gani?"

"Neno ni lako, MaMpinga. Eda ni yangu."

Lakini walipofika bomani MaMpinga alikwenda moja kwa moja langoni pa zizi, akasema yote: kamera, shali, watu waliotazama. Alisema kosa ni lake, kwamba hakuuliza, na kwamba kizuka alilazimika.

Sindile akasema kwamba kama angalilisikia kwa watu njiani, shemeji yake angalirudishwa kwa baba yake siku ile ile. Kwa kuwa ameambiwa na aliyevunja neno mwenyewe, Vuyelwa atabaki na watoto wake. Ila eda imeingiliwa na macho ya watu, na eda iliyoingiliwa huanza upya. Siku zitahesabiwa tena kuanzia leo.

MaMpinga akamwomba adhabu imwangukie yeye.

"Wewe si mke wa hapa," Sindile akasema. "Wewe hutaingia tena boma hili, basi."

Ruzuku ilitoka. Watoto walikula, na hilo hakuna anayeweza kulipunguza. Vuyelwa akavaa nguo nyeusi baridi mbili, na walipokutana njiani na MaMpinga alipita kimya, na hakuna aliyejua kama ni eda iliyomnyamazisha au ni yeye mwenyewe.

Baridi ile ya pili mzee wa boma la jirani alifiwa na mwana, naye akamruhusu mkamwana wake aende mjini na MaMpinga, na uso pia akaruhusu uonekane, kwa kuwa safari hii aliombwa waziwazi. Inasemekana aliuliza kwanza kwa Sindile, na Sindile akamjibu kwamba yule mwanamke akivunja neno atakuja kukuambia mwenyewe.

Siku yao ya kwenda ndiyo siku Vuyelwa alipomaliza eda, akavuliwa nguo nyeusi zikachomwa. MaMpinga hakualikwa. Aliuona moshi akiwa barabarani, akapunguza mwendo. Kizuka aliyemfuata nyuma akasimama pia, akingoja. Kisha wakaendelea, maana siku ya Ijumaa ofisi hufunga mapema.