Mwalimu wa Redio Anayepigania Kimya Chake

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Mwalimu wa redio anavua bangili zake, anazifunga kwenye leso na kuzitia mkobani. Zikigongana, kipaza sauti kinazidaka. Anakohoa kabisa, asije akakohoa hewani, kisha anawasemesha watoto asiowaona.

“Haya wanangu. Nusu ukijumlisha na robo, unapata ngapi?”

Ananyamaza. Hajasahau maneno, la. Kwa miaka kumi na tisa, katika redio ya umma ya elimu jijini, ameuliza na kusubiri, ili wanafunzi wa darasa la wodini, watoto waliolazwa muda mrefu hospitalini, wapate nafasi ya kufikiri na kujibu.

Lakini asubuhi hii, watoto hawajamaliza hata kuhesabu vidole, muziki unalipuka hewani. Mwalimu anamkata jicho fundi mitambo aliye nyuma ya kioo.

“Umeona?” anamwuliza mwandishi wa makala haya, aliyeketi kando yake. “Nikiongea, salama. Nikinyamaza tu, ngoma! Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu.”

Fundi anaapa. “Mama, sina kosa. Mtambo huu mpya ukisikia kimya unadhani redio imezimika, unajaza muziki wenyewe.”

“Basi uzuie.”

“Mkuu wa idhaa kakataa. Anasema kimya redioni ni aibu.”

“Ahaa!” Mwalimu anapiga meza. “Nilijua tu! Anataka saa yangu awape wale vijana wa kipindi cha gumzo.”

Huenda anazidisha. Ila ni kweli kwamba mwisho wa muhula, mkuu wa idhaa ataamua: watoto wakionekana hawafuatilii, kipindi kinafutwa. Mwandishi alipomwuliza kuhusu mtambo, mkuu alicheka, akalisifu somo, akaagiza chai, na swali likabaki pale pale. Tuambiane ukweli, mtu asiye na lake jambo hacheki kiasi kile.

Kesho yake mwalimu alikwenda wodini kusikiliza kipindi chake kingine, alichokirekodi mapema, akiwa na watoto, bila kujitambulisha. Muziki ulipoingia, msichana mwenye mguu uliofungwa plasta aliweka kalamu chini.

“Siku hizi Shangazi wa redio hatusubiri,” alisema. “Labda ametuchoka.”

Mwalimu alitoka nje akalia. “Iliniuma, we acha tu,” anasema. “Mtoto wa watu anadhani nimemchoka!”

Machozi yalipokauka, akili ikamjia. Wodi hainyamazi: vitanda vinalia, huyu anakohoa, yule anaangusha kijiko. Akifundisha akiwa humo humo, mtambo utasikia uhai na kutulia. Fundi alikiri kwamba inawezekana. Alikubali haraka mno, kwa hiyo naye bado anatiliwa shaka.

Jumanne hii wako wodini. Fundi anapitisha nyaya chini ya vitanda, na kila kidole chake kinachungwa na mwalimu.

“Usiguse hicho!”

“Mama, ndiyo swichi ya kuwashia.”

“Haya, washa. Pole pole, nakuona.”

Mpango wake ni kufundishia hapa hadi muhula uishe, kisha muhula ujao, kisha mwingine. Na mkuu akikataa? “Aje anitoe mwenyewe, mbele ya wanangu. Tuone kama atacheka.”

Kipindi kinaanza. Msichana wa plasta ameshajua mgeni wa siku ile ni nani, na hamwondolei macho.

“Robo tatu, ukitoa nusu, inabaki ngapi?”

Kitanda kinalia. Mtu anakohoa. Kwenye redio ndogo ya muuguzi, mlangoni, hakuna muziki. Fundi anaonyesha saa yake: endelea, Mama, muda unakwenda. Mwalimu anamtazama kwa shaka, anawatazama watoto, anafungua mdomo ili atoe jibu.

“Shangazi, usiseme!” Msichana ameinua mkono. “Bado nafikiria.”

Mwalimu anafunga mdomo, anavuta kiti karibu na kitanda, na kukaa.